Mistari Mitatu ya Visima vya Kikula

Kaa hapa karibu nikueleze polepole. Jambo lenyewe ni dogo, lakini najivunia mpaka leo.

Miaka ile ya tisini, mishahara ilipokatika na mitambo mingi ikanyamaza, nilitunza maktaba ya chuo kimoja cha Likasi, mji wa migodi ya shaba huko Kongo. Vitabu vipya havikuja tena. Tulichobaki nacho ni memwari, kazi za mwisho za wanafunzi, zilizopigwa taipureta, nakala moja moja.

Tulizipanga kwa jina la profesa aliyesimamia. Tuliona ni sawa, kwa kuwa mjini kila mtu alisema “ile kazi ya profesa fulani”. Kisha maprofesa wakaanza kuhama, na wanafunzi wapya hawakuwajua hata kwa sura.

Akaja mwanafunzi wa uuguzi, mama wa watoto wawili, mkazi wa Kikula. Mabomba ya mtaani kwake yalikuwa yamekauka, watu wakachota visimani, watoto wakaharisha. Aliandika juu ya visima hivyo. Msimamizi alikuwa amemwonya: asipoonyesha nani alitafiti kabla yake, hataruhusiwa kuitetea kazi yake mbele ya maprofesa mwaka ule. Na mwaka mwingine wa shule asingeumudu.

“Papa, kuko hata moya juu ya maji ya Kikula?” akaniuliza, akiniita baba kwa Kiswahili cha kwetu.

Nilitazama rafu. “Hakuna, mama.”

“Basi weye iko mulinzi ya vumbi.”

Alikwenda zake. Neno lile lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimesoma vichwa vya juu ya majalada tu, si yaliyomo ndani. Nikaanza kufungua kazi moja baada ya nyingine. Siku ya nne, ndani ya memwari yenye kichwa kirefu kisichotaja maji hata kidogo, nikakuta sura nzima: visima vya Kikula, na vyoo vilivyochimbwa karibu navyo. Ilikuwa imekaa pale muda wote, chini ya jina la profesa aliyekwisha kuondoka.

Nikaibeba kwa miguu mpaka sokoni Kikula, ambako yule mama aliuza unga. Aliisoma amesimama, mteja akimngoja na sahani ya kupimiwa unga.

“Papa,” akasema, “vumbi yako iko na maneno.”

Alitetea, akapita. Kesho yake nilikata kadi kutoka karatasi za zamu za kiwandani, zilizoandikwa upande mmoja. Kadi ya kwanza ilikuwa ya kazi yake, naye mwenyewe ndiye aliyenitajia mistari mitatu, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha memwari: aliuliza nini, wapi, alipata nini. Nikaendelea na zote, nikizipanga kwa jambo: maji, muhogo, shaba. Wachimba visima wakaingia mlango wa maktaba ambao hawakuwahi kuuvuka, wakasoma, wakauliza.

Miaka mingi baadaye kadi zile ziliwekwa kwenye mtandao, na mtu wa nchi ya mbali akaandika kuomba kazi ya yule mama. Alikuwa ameigundua kwa mistari ile ile.

Basi nawe, kabla ya kuweka utafiti wako mtandaoni, andika juu kabisa, kwa lugha ya jirani yako, mistari mitatu: uliuliza nini, wapi, ulipata nini.