Miwa ya Mama na Lugha Mbili za Mashine

Miaka ile uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa binti wa Msambweni aliyekwenda Nairobi kusomea kompyuta akarudi na kiburi kidogo. Kiwanda cha sukari cha upande wetu kiliniajiri. Mashine yenyewe ilikuwa Mombasa, ng'ambo ya kivuko, na ilijaza chumba kizima. Sisi huku tulitoboa kadi, moja kwa kila shamba, tukazipeleka, nayo ikaturudishia karatasi ya kutuambia miwa ya nani ikatwe lini.

Msimu wa kwanza wa kadi hizo, miwa ya mama haikuitwa. Mashamba ya jirani yalikatwa kulia na kushoto, lake likabaki limesimama peke yake. Miwa ikipitisha wakati wake hupoteza utamu, na kiwanda huikataa. Mama alikuwa mjane, na wadogo zangu walisoma kwa miwa hiyo. Hakulalamika. Nikifika jioni nikamwamkia shikamoo, aliitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kama mashine haijambo. Afadhali angenitukana.

Nikaomba kuisoma programu yote. Iliandikwa na watu wawili ambao, naapa, hawakuwahi kunywa chai pamoja. Nusu ya kwanza, ya kupokea kadi, ilikuwa kwa COBOL, lugha ya maneno mengi kama karani anayependa kusikika. Nusu ya pili, ya kupanga zamu za matela ya kubebea miwa, ilikuwa kwa lugha ya mashine yenyewe, vifupisho na namba tupu.

Jumamosi nikazitandaza karatasi zote kwenye mkeka barazani. Joto la adhuhuri lilikuwa zito, harufu ya molasi ikija na upepo, nami nikilifuata shamba moja tu, la mama, mstari kwa mstari. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena. Ikafika mahali sikujua kama nasoma au naota. Niliona shamba zima likitembea ndani ya karatasi zile, likiinama kupita vilango vidogo, nami nalifuata nimeshika pindo la leso ya mama. Sitasema uongo, nilikuwa na furaha. Kwetu tulizoea kuhama lugha katikati ya mazungumzo, Kidigo kwa bibi, Kiswahili kwa wageni, Kiarabu kwenye sala, na maana haikumwagika njiani. Hapa ilimwagika.

Ilimwagika pale lugha ya kwanza inapoikabidhi ya pili kazi. Makarani wa kiwanda walipopita wakiuliza shamba ni la nani, watu wetu walijibu walivyojibu siku zote: la mjomba. Kwetu Wadigo ardhi nyingi ilirithiwa kuukeni, upande wa mama, kutoka kwa mjomba. Mama alilima ardhi ya kwao, basi kadi ikabeba jina la kakake, mwashi wa Mombasa asiyejua jembe linashikwaje. COBOL ikalipokea vizuri. Nusu ya pili, kwa upande wake, ilipewa majina ya wanaume wenye nyumba za hapa. Mjomba aliyeishi kijijini alikuwamo, wetu hakuwamo. Ikamtafuta, ikamkosa, ikaiweka kadi kando bila kusema neno. Kila nusu ilikuwa sahihi kwa lugha yake. Ningezisoma mbalimbali hadi leo, nisingeona kitu.

Msimamizi wangu, mtu mpole wa bara, alifurahi sana nilipomweleza. Akasema hakuna haja ya kuigusa programu: nitoboe kadi mpya kwa jina la marehemu baba, ambaye mashine ilikuwa bado inamjua, na matela yatakwenda kesho kutwa. Nikakimbilia nyumbani na habari njema.

Mama alikuwa akikuna nazi. Aliacha.

"Baba yako, Mungu amrehemu, hakupanda hata muwa mmoja pale," akasema. "Na mjomba wako hajakanyaga tangu nilipoanza kulima. Kwani mimi, mwanangu, mashine yenu hainijui?"

Nilikasirika. Kwanza naye, maana miwa ilikuwa inakufa na yeye anadai heshima. Kisha na wale waandishi wawili. Mwisho na nafsi yangu, kwa kuwa swali lile halikunijia hata mara moja.

Kumwingiza yeye kulitaka nibadilishe nusu zote mbili, kila lugha ijifunze kuuliza anayelima ni nani. Nilimwomba msimamizi, akakubali kwa shingo upande. Kazi ilikula zaidi ya wiki. Kila nilipopita shambani nilisikia majani makavu yakisuguana. Miwa ya upande wa juu ilikauka, tukaigeuza kuni.

Hatimaye matela yakaja. Karani alisimama kando ya trekta na karatasi ya mashine, akasoma jina la mama, lile la kuzaliwa ambalo kijijini halikuitwa tena. Hakuna aliyeitika. Akalisoma tena. Mama alikuwa amesimama pale pale mbele yake, panga mkononi, akigeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.