Nanjala na Herufi ya Mbio

Wengine hupenda mtu, wengine hupenda gari. Nanjala alipenda herufi, na msimcheke, maana hamkuwapo siku ile ilipotolewa sandukuni. Ulikuwa mwaka wa 1971, naye alikuwa mpangaji herufi katika kiwanda kidogo cha kupiga chapa pale Ngara, mwanamke pekee kati ya wanaume wenye vidole vyeusi kwa wino. Herufi walizozizoea zilikuwa nyembamba, zimesimama wima kama wazee wa kanisa, kila ncha na mkia wake mdogo. Hii mpya ilikuwa nene, imeinama mbele kama mtu anayekimbilia basi, na mkia haikuwa nao hata mmoja. Nanjala alipoishika U ya kwanza alicheka peke yake kwa raha.

Wafanyakazi wakaibatiza Mbio. Walipanga kwa Mbio matangazo ya ndondi, ya dansi, ya mpira, na ya maduka yaliyoshusha bei. Msimamizi wao, Mzee Nzomo, hakuipenda hata kidogo.

"Haraka haraka haina baraka," alisema kila alipoiona.

"Na chelewa chelewa, mzee, utakuta mwana si wako," Nanjala alimjibu.

Jambo moja tu walikubaliana: Mbio isiguse tangazo la kifo. Iliwahi kuponyoka mara moja, jina likapigwa kwa Mbio, ikaonekana kana kwamba marehemu alikuwa anakimbilia kaburini. Familia ilikuja juu, na Nzomo akaomba radhi hadi jasho likamtoka.

Basi siku moja akaingia Bwana Mungai, mwenye bekari ya jirani iliyoitwa Upesi. Aliliona tangazo la ndondi likikauka kwenye kamba, akasimama kama aliyeitwa jina.

"Hii maandishi inaweza kuwekwa kwa gari?" akauliza.

"Inaweza. Naiweka mimi," akasema Nanjala, kabla Nzomo hajafungua mdomo. Gari hakuwa ameliandika maishani mwake. Alikuwa amechora kibao cha kanisa lake kule Kangemi, basi.

Mungai akatoa neno lake mbele ya wote. Nanjala aandike UPESI pande zote mbili za gari moja. Likipendeza, magari yote ya mkate ni yake, na kibanda kando ya bekari, awe fundi wa maandishi anayejitegemea. Lisipopendeza, afute rangi yake arudi alikotoka. Nzomo alicheka sana. Nanjala hakulala vizuri wiki nzima, kwa furaha zaidi kuliko hofu.

Jumamosi, katika ua wa bekari, alianza upande wa dereva. Alivuta uzi, akachora kwa chaki, akajaza rangi nyekundu. Ajabu! Gari limesimama tuli, lakini macho yanakuapia kwamba linakwenda, herufi zote zimeinamia boneti. Akahamia upande wa pili, akazinakili vilevile, akaenda nyumbani akiimba.

Jumapili baada ya ibada Mungai alikuja na mkewe Wahu, na Nzomo naye hakukosa. Upande wa dereva Mungai alipiga makofi. Akazunguka hadi upande wa abiria, akakunja uso.

"Nanjala, hii gari yangu inarudi nyuma!"

"Ni kama imekataa kwenda kazi," akasema Wahu, akajiziba mdomo.

Nanjala alitazama. Ilikuwa kweli. Upande huu pua ya gari ilikuwa kushoto, na herufi zimeinama kulia, zinavuta nyuma kama punda asiyetaka soko. Aliona aibu, tena aibu kubwa.

"Si nilikuambia?" akasema Nzomo.

Hasira ndiyo iliyomwokoa. Vidole vyake vilikumbuka kabla ya kichwa: kwenye risasi, ile madini ya kupigia chapa, kila herufi huwa kinyume, ili ikigusa karatasi isomeke sawa. Kwa hiyo Mbio aliyoishika kila siku kiwandani haikuinama kulia hata siku moja. Iliinama kushoto! Akaomba tapentaini na matambara, akafuta upande mzima, akaanza upya. Hakuzigeuza uso herufi. S ilibaki S, E ilibaki E. Aligeuza mwinamo tu, zikainamia kushoto, kwenye boneti.

"Hakuna kitabu ya herufi iko na kitu kama hiyo," Nzomo akalalamika.

"Basi kitabu ndiyo hii," akasema Nanjala, akiligonga gari.

Jioni Mungai alizunguka gari. Akaingia, akawasha, akatoka langoni na kupita barabarani mbele yao kwenda, kisha kurudi. Kwenda lilionyesha upande mmoja, kurudi ukaonekana wa pili, na pande zote UPESI ilikuwa inakwenda mbele. Nanjala aliruka juu kama mtoto. Wahu akapiga vigelegele.

Mungai alishuka, akamwonyesha magari mengine yaliyoegeshwa uani. "Zile hapo. Unaanza na gani?"

"Na ile ya karibu!"

"Lakini kesho ni Jumatatu," akasema Nzomo, sauti imepoa. "Kuna kazi ya kupanga."

"Kesho siji, mzee," akasema Nanjala. Akachukua uzi na chaki, akaliendea gari la karibu.