Siku Bwawa Lilipokosa Hewa

Nilipostaafu ualimu niliondoka mtaa wa Area D mjini nikaenda kuishi kijijini Bahi na mama mkwe wangu. Nyuma ya nyumba yake, mahali palipokuwa na jaruba la mpunga, tulichimba bwawa la perege. Kwenye mafunzo ya siku tatu nilikuwa nimefundishwa kwamba mfuga samaki hutunza kwanza bakteria wa majini. Wale wazuri hula kinyesi na mabaki ya chakula, na maji hubaki salama. Kwa hiyo nilichachusha pumba za mpunga na molasi kwenye pipa, na kila wiki nikamwaga kiasi bwawani.

Mama mkwe alinusa pipa lile akacheka.

"Hii si togwa?"

"Ni ya bakteria, mama."

"Basi wana bahati."

Tangu siku hiyo kazi ya pipa akaichukua yeye. Mimi nilihesabu siku za kuchachuka kwenye daftari. Yeye alijua kwa pua.

Msimu ule hali ya hewa haikueleweka. Jua lilichoma wiki mbili, halafu mvua kubwa ikashuka mchana mmoja, na mawingu yakatanda siku mbili. Asubuhi iliyofuata nilikuta maji ya kijani yamekuwa kama majivu, na perege wako juu wanapanua midomo. Nikakimbilia pipa.

"Unataka kufanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Bakteria wamekufa. Nawaongeza."

Akanishika mkono. "Samaki wanatafuta pumzi, mwanangu. Hao wa kwenye pipa hawapumui?"

Nilifunika pipa. Mafunzoni tuliambiwa kwamba bakteria nao hutumia hewa ya majini, na hofu ilikuwa imenisahaulisha. Ningewamaliza samaki kwa mkono wangu mwenyewe.

Hatukuwapa chakula siku hiyo. Mashine ya hewa hatukuwa nayo, ila ndoo zilikuwepo. Kanisa la jirani lilikuwa na mazoezi ya kwaya, mama mkwe akaenda kuomba msaada. Wanawake kama kumi walikuja, wakakunja vitenge, wakaingia majini. Tulichota maji na kuyarusha juu ili yaanguke na hewa. Mwalimu wa kwaya alipoona tunachota ovyo, akaanzisha wimbo, ndoo zikafuata mapigo. Walioimba sauti ya pili walichelewa kila mara, wakatumwagia sisi. Mama mkwe alirusha kwa sufuria, akacheka mpaka akakaa kwenye matope.

Saa saba mchana jua lilitoka, na perege wakaanza kurudi chini mmoja mmoja. Maji yalipotulia, siku nne baadaye, mama mkwe alirudisha mchanganyiko wa pipa kidogo kidogo, na ukijani ukarejea.

Samaki wa kwanza tuliwapikia wanakwaya, kwa ugali wa uwele. Mmoja wao aliuliza tunawalisha nini hata wakanona hivi. Mama mkwe akamweleza habari za bakteria, taratibu, bila kuacha kitu. Yule mama akatazama mchuzi wake.

"Na humu wamo?"

"Waliomo wameshaiva," mama mkwe akasema. "Kula."