Sahani Zilizovuka Reli

Siku katapila la kwanza liliposhushwa mbele ya mgahawa wetu, niliacha mahamri yakaungua. Nilitoka nje na kijiko cha kukaangia mkononi, nikasimama kwenye baridi ya asubuhi nikilitazama likiteremka polepole kutoka kwenye lori, moyo unanienda mbio kama mtoto anayengoja nguo za Idi. Mimi mashine nazipenda tangu udogoni. Nyumbani Mombasa, mtaa wowote ukichimbwa bomba, mama yangu alijua pa kunitafuta. Nilikuwa nachuchumaa ukingoni mwa shimo, gauni limejaa vumbi, nikiwauliza mafundi maswali mpaka wananifukuza.

Mgahawa wetu uko Saint Paul, Marekani, kwenye barabara kubwa inayokwenda mpaka Minneapolis. Katikati ya barabara hiyo ndipo inapopita treni ya mjini, na reli zake zilikuwa zimechoka. Tuliarifiwa mapema kwamba zitang'olewa zote kwa kipande chetu, mabomba ya chini yatahamishwa, na kituo kitajengwa upya, tena safari hii kitasogezwa mpaka karibu na mlango wetu. Kazi ingekwisha kabla ya theluji. Mwenye duka la matairi alilaani. Kinyozi wa jirani akasema tumekwisha. Mimi nilishangilia.

"Bibi, wewe mtu akikuchimbia kaburi wampigia vigelegele?" mume wangu akaniuliza.

Nikamwambia aache mkosi. Kituo mlangoni! Watu washuke kwenye treni, harufu ya pilau iwapokee, waende wapi tena? Nilikuwa nimeshaanza kuwaona kwa macho.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Nilipika huku naangalia dirishani. Walikata lami kwa msumeno mkubwa unaomwagiwa maji, wakang'oa reli ndefu kama tambi, wakazitupa kando kwa kishindo kilichotikisa vikombe kabatini. Binti yangu alikuwa akiona haya. "Mama, people are staring," akaniambia siku aliyonikuta nimepanda kiti ili nione vizuri. Nikamjibu kwamba wanaonishangaa wana bahati, kwa maana hawakosi cha kuangalia.

Kisha ukaja uzio. Waya mrefu ulipita mbele ya mlango wetu, na nyuma ya uzio wakachimba mtaro wa mabomba ambao ungemeza gari. Kivuko cha waenda kwa miguu kikawekwa mwisho kabisa wa mtaa, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi, lisilo na mtu wa kuvuka kwenda kwake. Aliyetaka chai yetu ilimbidi azunguke hadi huko, avuke, kisha arudi akiambaa ukuta kwenye vumbi. Au apite kichochoroni nyuma, kwenye mapipa ya taka. Sasa nani atamchukua mgeni wake kwenda kula pilau kupitia mapipa ya taka?

Wateja wetu wengi ni madereva wa teksi na kina mama wanaotunza wazee majumbani, watu wanaokula kwa haraka baina ya kazi na kazi. Nilikuwa nikiwaona ng'ambo ya barabara. Wanasimama, wanautazama mtaro, wananipungia mkono kwa huruma, halafu wanaondoka zao. Tukasikia wengine sasa wanakula Roseville, kwenye lile jumba kubwa la maduka. Nilikasirika kana kwamba nimewafumania.

Hapo binamu wa mume wangu akatokea na Maple Grove yake. Alikuwa amepata chumba kizuri huko nje ya mji, kwenye majengo mapya ya maduka, jiko tayari, mbele kuna uwanja mpana wa kuegesha magari, na mwenye jengo alitaka jibu upesi. Mume wangu aliikubali fikira hiyo siku hiyo hiyo. Mimi nilikataa siku hiyo hiyo. Mimi ni mtu wa kukaa pahali penye njia. Nataka mtu apite na shida zake, anuse, aingie bila kupanga. Uwanja wa magari haunuswi na mtu. Tuligombana, tukanuniana, mwisho tukapatana: Idi ya kuchinja ikipita na mlango wetu bado hauna watu, tunahama. Nilikubali kwa sababu nilijua ana haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Idi ikaja, kazi ya reli haikusimama. Baada ya swala tulirudi, nikapika pilau ya mbuzi kama inavyotakiwa, bila kubania iliki. Kwetu siku ya Idi sahani hutembea. Unampelekea jirani wa kulia, wa kushoto, na wa ng'ambo, iwe mnaongea au hamuongei. Nami nilipotazama nje, majirani wangu wa ng'ambo walikuwa watu waliovaa vizibao vya rangi ya machungwa, wamekaa juu ya marundo ya kokoto wakila mikate mikavu.

Nikatoa sahani zangu nzuri. Si zile za mgahawa. Hizi ni za maua ya buluu, nilizokuja nazo kutoka Mombasa nimezifungia ndani ya khanga ili zisivunjike. Nikapakua, nikazifunika kwa kawa za ukindu, nikazipeleka mwenyewe hadi kwenye lango la uzio. Hapo alikuwa akisimama dada mmoja Mkongomani, mwenye kazi ya kushika kibao cha kusimamisha magari. Tulikuwa tumeshasalimiana mara nyingi kwa Kiswahili chetu, changu cha pwani na chake cha Kivu, kila mmoja akimcheka mwenzake kimoyomoyo.

"Mama, bintu yote hii ni ya nani?" akauliza, macho yamemtoka.

"Yenu. Leo Idi. Mwambie msimamizi wako na wenzio wale kabla haijapoa."

Nilirudi dirishani kuwatazama wakila. Walikula, wallahi! Msimamizi wao, mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu, alikula mpaka akawa anaokota punje kwa kidole. Nilifurahi hata nikaimba.

Alasiri msimamizi akazileta sahani mwenyewe. Alikuwa amezipanga vizuri, kawa juu. Akasema asante nyingi, akaondoka. Nikafunua kawa. Tupu. Safi, zinang'aa, na tupu.

Pengine msomaji haoni ubaya wake. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Utatia chochote: sukari kidogo, ndimu mbili, tende, hata chumvi ukiwa huna kitu. Sahani tupu inamwambia mwenzio kwamba yameisha, tusijuane. Na zangu zilirudishwa tupu, mlangoni pangu, siku ya Idi! Roho ilinipanda. Watu wamenifungia mlango, wamenifukuzia wateja, wamenitilia vumbi kwenye mchele, nawalisha, kisha wananiambia tusijuane? Niliziweka sahani mezani kwa nguvu, moja ikalia nikadhani imepasuka.

"Mpigie binamu yako," nikamwambia mume wangu. "Mwambie tunakuja Maple Grove."

Akanitazama. "Wasema kweli?"

"Mpigie! Sikai na watu wasio na haya."

Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na asubuhi hasira ilikuwa bado mbichi. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule dada wa kibao kabla sijavua hata koti.

"Sahani zangu zimerudi tupu," nikamwambia.

Kwanza hakuelewa. Kisha akaelewa, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka kibao kikamzunguka mkononi, magari yakachanganyikiwa, mmoja akapiga honi.

"Mama! Beko bazungu, hawajue! Kwetu pia sahani hairudiake bule, lakini bale watajulia wapi? Unajua chef, ule mwenye ndevu, alizioshea na nini? Na maji yake ya kunywa. Alikatala mutu mwingine aziguse. Alisema sahani nzuri kama hii, mutu akiivunja atamufukuza ku chantier, hana tena kazi."

Nikamwona akilini yule mtu mkubwa amepiga magoti kwenye kokoto, anaosha maua yangu ya buluu kwa maji ya chupa, moja moja. Yeye alikuwa amenipa heshima yote aliyoijua. Mimi nilikuwa nimelala nikimlaani.

"Ngoja nimuambie," dada akasema.

"Usimwambie!" nikasema, lakini alishakwenda, kibao amempa mwenzake.

Haukupita muda msimamizi akaja mgahawani, helmeti kwapani, uso umemwiva kuliko ndevu. Akaniomba radhi kwa Kiingereza cha taratibu. Akasema hakujua, na angependa kujua kwetu huwa watu wanatia nini kwenye sahani. Wallahi ningeweza kusema chochote. Ningesema sukari, akaniletea gunia. Lakini ulimi wangu haujui kungoja ruhusa.

"Sitaki cha kutia kwenye sahani," nikamwambia. "Nataka watu wafike kwenye mlango wangu."

Akageuka, akautazama mlango. Akautazama mtaro. Akatazama kule mwisho wa mtaa, kwenye kivuko kinachokwenda kwenye duka lililokufa. Akakuna shingo. Akasema kivuko lazima kiwe mahali fulani kwenye mtaa huu, ila hakuna aliyemwambia kiwe wapi. Angepiga simu akaulize.

Kabla ya jua kutua walikuwa wanagonga misumari. Nilitoka kuangalia, nani angenizuia? Walilaza maboriti juu ya mtaro, wakapigilia mbao, wakatia vishikio pande zote mbili, wakakata uzio, na daraja likaja likatua kwenye kizingiti changu kama zulia. Nilikuwa wa kwanza kulivuka. Nilikwenda nikarudi, nikaenda tena nikarudi, na wale wanaume wakanipigia makofi.

Hapo ndipo nilipokumbuka simu ya Maple Grove. Nikakimbilia ndani. Nilimkuta mume wangu jikoni anakata vitunguu, nikamshika mkono wenye kisu.

"Ulimpigia? Niambie hukumpigia!"

"Sikumpigia," akasema bila kuinua macho. "Ningekuwa nashika simu kila ukikasirika, tungekuwa tumeshahama dunia nzima."

Nililia na kucheka pamoja, na vitunguu vikapata lawama.

Siku chache baadaye, karibu na daraja letu, katapila likagonga chuma. Ilikuwa reli ya kale, ya zile tramu zilizopita mjini hapa kabla sisi hatujazaliwa, imelala chini ya lami pale zilipokuwa zikikata kona. Habari zikaenea na watu wakaja kutazama. Na pahali pazuri pa kutazamia palikuwa wapi? Darajani kwangu! Walisimama wameinamia vishikio, wakapiga picha, na nyuma yao mlango wangu uko wazi na mahamri yanatoka kwenye mafuta. Ajuza mmoja akaniambia alipanda tramu hiyo utotoni, akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Nikamkalisha, nikampa chai, akakaa mpaka adhuhuri. Madereva wetu walirudi, tena wakileta wenzao kuwaonyesha shimo. Jioni moja mume wangu alikosa kiti ndani ya mgahawa wake mwenyewe. Alisimama mlangoni anatabasamu, kisha akatoa simu, akatoka nje hadi katikati ya daraja, akampigia binamu yake kumwambia hapana. Nilimwona dirishani. Nikapiga kigelegele, wateja wakageuka.

Theluji haijaanguka, treni ikarudi. Daraja lilikuwa limeshaondolewa, mahali pake pana njia pana ya zege mpaka kizingitini, na mafundi walishahamia kazi nyingine. Nilifurahi mno na nilisikitika pia, kwani dirisha langu halikuwa tena na kitu cha kuangalia. Na kabatini sahani moja ya maua ilikuwa imepungua tangu Idi. Sikumuuliza mtu.

Siku ya kwanza ya safari nilisimama nje na kijiko changu cha kukaangia. Treni ikasimama, milango ikafunguka, na kati ya watu walioshuka nikamwona yule dada wa Kivu, amevaa kitenge, hana kizibao wala kibao, nikachelewa kumtambua. Siku hizi wamempeleka kazi ya Saint Louis Park, kule ng'ambo ya Minneapolis. Mikononi alikuwa na sahani yangu, imefunikwa kitambaa. Alinipa. Nikafunua: sombe, kisamvu cha kwao, imepikwa na samaki, ingali ya moto.

"Yako ya Idi inarudi," akasema. "Na haikurudi bule."

Sahani ilikuwa yangu, nayo imerudi imejaa, basi hesabu yetu imekwisha, na yeye yuko Saint Louis Park. Ikanijia kwamba ndivyo watu wanavyopotezana, bila ugomvi, kila mtu amerudishiwa chake. Nikakimbia jikoni. Nikamimina sombe kwenye bakuli, nikaiosha sahani kwa maji ya kunywa, nikaijaza mahamri mpaka yakawa yanaanguka, nikaifunika kwa kawa, nikatoka nayo mbio kabla hajaanza kuaga.

Alipoiona alicheka kama siku ile.

"Mama, sasa hii nitairudisha namna gani? Niko mbali!"

"Si kuna treni," nikamwambia, na nikamtia sahani mikononi.