Mawe ya Dokta Rehema

Jamani, mkasa huu hata mke wangu nilimficha, ila kwa kuwa leo mmenibana nitausema, na mkicheka chekeni tu, aibu yenyewe nilishaimaliza mbele ya kata nzima.

Ni mwaka ule watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba, nami nilikuwa kibarua wa Dokta Rehema, mtafiti wa miamba aliyekuja kuchimba mawe ya chokaa ya kale kwenye korongo upande wa Nkololo. Alinieleza kwamba ndani ya mawe yale kuna kaboni na oksijeni, nyepesi na nzito, na vikipimwa maabara vinaonyesha mvua ya enzi hizo ilikuwaje (mimi naitikia tu, akili iko kwenye mshahara). Kazi ikiisha salama angenichukua maabara, ajira ya kudumu, na mama alishawatangazia majirani.

Basi tukayaosha, yote arobaini, nikaambiwa niyaanike kwa mpangilio wa namba. Stoo ya ofisi ya kata ilijaa magunia, nikaona tabu ya nini, nikayapanga kando ya njia ya kuingilia ofisini, huku na huku, mistari imenyooka kabisa, nikaenda kupiga pasi shati, maana mgeni rasmi kutoka wilayani alikuwa anakuja kufungua msimu wa pamba.

Nanyi mnajua, mgeni rasmi akija kwetu, kila jiwe la kando ya njia lazima lipakwe chokaa.

Narudi, yote meupe! Mzee Masanja, mhudumu wa ofisi, ndoo mkononi, akanisalimia mwangaluka kwa furaha na kunishukuru kwa kumrahisishia kazi. Chokaa ilikuwa bado mbichi, ningeomba maji hapo hapo, lakini gari la mgeni likaingia, Dokta naye ndani, nikaogopa, nikakaa. Hotuba ikaenda saa nzima, jua kali, nami macho kwenye mawe, kila nikiyatazama yamezidi kukauka (jasho lilinitoka mpaka shati la pasi likanata mgongoni).

Mwisho mgeni akaomba aonyeshwe hayo mawe yanayosimulia mvua ya kale. Dokta akanigeukia. "Yako wapi, Maduhu?"

"Ni hayo, Dokta. Ya pande zote mbili za njia."

Watu wakaangua kicheko, na mgeni naye. Dokta alichuchumaa, akakwangua moja kwa ukucha.

"Chokaa hukauka kwa kuvuta kaboni ya hewani," akasema taratibu. "Imeshaingia kwenye vitundu vya jiwe. Nikiyapima sasa, yatanieleza hewa ya asubuhi ya leo."

Nikamwambia nisamehe, mayo, kama ninavyomwita mama, nitayachimba upya peke yangu.

"Kupakwa ningekusamehe. Ila ulikaa saa nzima ukiyaangalia yanakauka."

Tulichimba upya wiki mbili, hakunigombeza hata mara moja, na maabara akamchukua mwingine. Kumweleza mama ndiko kulikoniuma zaidi. Tangu hapo nikiharibu kitu cha mtu namkimbilia kumwambia, hata kama mgeni rasmi yuko katikati ya hotuba.