Miaka Myembamba ya Libuyu

Nakumbuka kiangazi kimoja kilichokataa kuisha, mwanangu. Mahindi ya mtaa wetu, Nyakasanza, yalikuwa yamekauka, na matofali ya Mama Kavira yalikuwa yamekauka pia. Mahindi yaliwahuzunisha watu. Matofali yaliwakasirisha.

Wazazi wetu walikufa wakati wa vita. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo niliacha shule ili wadogo zangu wabaki darasani. Niliokota vipande kwenye depo ya mbao kule Saio, nikaviuza kama kuni. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, lakini watu bado walijiuliza kimoyomoyo: huyu ametoka wapi? Mama Kavira, mjane, alikuwa mgeni kwetu, ametoka Butembo. Alifyatua matofali nyuma ya nyumba yetu, na siku niliporudi mikono mitupu, wadogo zangu walikula kwake.

Kwetu wapo wanaoamini kwamba mfyatua matofali anaweza kufunga mvua, ili matofali mabichi yasiyeyuke. Miaka mingine ni maneno ya kuchekea. Mwaka ule hakuna aliyecheka. Vijana wa avenue, barabara yetu, walimwendea chef, mkuu wa mtaa, wakitaka mama yule ahame, naye chef akaitisha mkutano Jumapili, baada ya ibada.

Juma lile kijana wa chuo aitwaye Dieudonné alikuwa akifanya utafiti wa masomo yake pale depo. Alisugua kwa msasa vichwa vya magogo ya libuyu, mti mkubwa wa mbao nyekundu, yaliyotoka msitu wa Mambasa, mpaka vikawa laini kama sahani, kisha akaviinamia na kioo cha kukuzia. Alinionyesha miviringo ndani ya mti. Mwaka wa mvua nzuri mti hunenepa, mviringo unakuwa mpana. Mwaka wa ukame unakuwa mwembamba. Karibu na gome ni miaka ya juzi. Katikati ni miaka ya mababu.

Niliona miviringo myembamba ndani kabisa. Nikamwomba anikatie kipande kile, nikawaonyeshe watu kwamba ukame ulikuja kabla Mama Kavira hajazaliwa.

"Hapana, yaya," alisema, akiniita dada mkubwa kama wote pale depo. "Muti moja inaweza kukudanganya. Pengine muti ya jirani iliifunika jua. Pengine wadudu walikula majani. Zingine za huku kwetu zinaruka mwaka, zingine zinaandika mwaka moja mara mbili."

"Lakini Jumapili iko karibu!"

"Basi tutafute zingine. Ukienda na moja tu, weye uko sawa na wale wenye kuona matofali imekauka na kusema mvua imefungwa."

Maneno hayo yaliniuma. Hata hivyo niliyafuata. Tulikusanya vipande vya magogo kutoka pande mbalimbali za msitu, akavilinganisha mviringo kwa mviringo. Vingi vilikubaliana. Vichache vilikataa, nikataka tuviache depo. Dieudonné akavitia kwenye gunia pamoja na vingine.

Tulipofika mkutanoni, Bahati, kiongozi wa vijana wale, alipaza sauti: "Yaya, umeleta kuni! Sufuria iko wapi?"

Watu walicheka. Dieudonné alipanga vipande chini, akaonyesha vinavyokubaliana na vinavyokataa. "Mimi siwezi kuwaambia sababu ya nini mvua imechelewa mwaka huu," alisema. "Lakini ukame haiko mugeni hapa. Angalieni: hapa, na hapa, na huku ndani, kabla siye wote tuzaliwe."

Bahati aliinama akaangalia muda mrefu. "Basi wakati ile, nani alifunga mvua?"

"Labda babu yako," alijibu mzee mmoja. "Nyumba munalala, ni yeye alifyatua matofali yake."

Safari hii kicheko kilimwelekea Bahati, na mwishowe akacheka naye. Chef akasema Mama Kavira anabaki. Wengine hawakumsalimu kwa muda, sitakuficha hilo.

Mvua ilipokuja, ilikuja ghafla, mchana, juu ya matofali yake mabichi. Nilitoka mbio na shitingi, turubai la plastiki, nikamkuta Bahati ameshika upande wa pili. Mama Kavira akatuletea mawe ya kukandamiza pembe zake. Tulifunika yale yaliyokuwa hayajayeyuka.

Mwanangu, ukiambiwa kwamba taabu yako imeletwa na jirani, usikubali kwa ushahidi wa mti mmoja. Tafuta wa pili na wa tatu, kutoka mahali pengine. Hata unapomtetea mtu uliyekula kwake, usiwe na haraka kama ya wanaomshtaki, na kipande kinachokukatalia usikiache nyumbani. Watu wanaamini zaidi mkono ulioonyesha vyote.

Mungu akujalie miaka mipana. Na ile myembamba, kwa maana itakuja, ikukute bado una jirani.