Nilificha boliti za injini, mke mwenzangu akapewa talaka

Admin, hii iposti lakini jina langu lifiche kabisa, maana Palma yetu hapa Msumbiji ni ndogo na kila mtu ana simu. Nina miaka thelathini na tisa, watoto wanne, mimi ndiye mke mkubwa. Nina wivu. Nasema mwenyewe kabla hamjanisema.

Mume wangu ana gari la abiria, chapa, linalokwenda Mocímboa na kurudi. Tulipokimbilia mji wa Pemba, hukuhuku Msumbiji, wakati wa vita aliongeza mke, na tuliporudi huku akamjengea mtaa wa pili. Mwenzangu ana miaka ishirini na sita na mtoto mmoja wa kike. Sikugomba. Siku mbili kwangu, siku mbili kwake, na kwa hilo mume wangu hakuwahi kunidhulumu.

Balaa lilianza injini ilipoharibika. Gari lilizimikia kwa mwenzangu, siku ya zamu yake, na mume wangu akasema injini lazima ishushwe ipelekwe kwa fundi, na ataishusha mwenyewe hapohapo nyumbani. Nikamwambia, "Baba Saidi, livuteni mlilete kwangu." Akanijibu, "Kwako mchanga mtupu, jeki itazama." Kweli, kwa mwenzangu kuna sakafu ya saruji ya duka la zamani. Basi mie na akili zangu nikabeba udongo wa kichuguu, ndoo kwa ndoo, nikaumwaga uani na kuushindilia kwa mchi kutwa nzima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alipouona akacheka, "Mama Saidi, unajenga uwanja wa ndege?" Gari hakulileta.

Ikawa hata zamu ikiwa yangu, akishakunywa chai tu, huyo, kwa bi mdogo. Anarudi magharibi ananuka oili, anakula, analala. Nikamwambia ananionea. Akasema, "Zamu ni ya kulala, si ya spana." Hebu niambieni, mume akishinda huko kutwa, mimi nimebakiwa na nini, mkoromo?

Siku ya nne nikashindwa. Nikabeba ndoo yangu ya kisamvu nikijifanya natoka shamba, nikapita kwake. Nikakuta wamesimamisha boriti tatu za mkoko, mnyororo umeishika injini, na mwenzangu kajifunga kanga kiunoni. Mume wangu anasema tu "kumi na saba!" na yeye anampa spana ya kumi na saba bila kuuliza. Miaka ishirini nimeolewa, sijawahi hata kuambiwa nishike tochi! Kisha mume wangu akavuta mnyororo, mwenzangu akaizuia injini isigonge pembeni, wote wawili "haya, haya, taratibu," mpaka ikatoka. Mwenzangu akapiga kigelegele. Mume wangu akamfuta grisi shavuni kwa kidole gumba, polepole, nami nimesimama palepale. Jamani, moyo uliniwaka, nikatamani mnyororo ule ukatike.

Wakaingia ndani kunawa. Pale sakafuni kulikuwa na makopo ya maziwa, kila kopo na boliti zake, na mwenzangu ameandika juu kwa Kireno, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, hizi za wapi na zile za wapi. Ule mwandiko ndio ulionimaliza. Nikachukua kopo moja, la boliti ndefu, baadaye nikajua ndizo zinazounganisha injini na giaboksi, nikalizamisha chini ya kisamvu, nikaaga kwa sauti ya kawaida. Nilitaka agombezwe mara moja tu, mume wangu aone hajui kutunza vitu.

Injini ilirudi kutoka kwa fundi baada ya wiki mbili. Kopo halipo. Mwenzangu akatafuta mpaka chini ya kitanda, akaapa kwa Mungu. Sasa kaka yake ananunua chuma chakavu, na mume wangu akasema mbele ya majirani, "Umempa kaka yako akauze." Mwenzangu naye ana mdomo: "Kama mie mwizi, niache!" Akamwacha. Talaka moja. Kesho yake alimbeba mtoto mgongoni akaenda kwa mama yake, kijiji cha Diaca.

Niseme kweli? Mwanzoni nilifurahi. Gari likavutwa mpaka kwangu, udongo wangu ukaihimili jeki vizuri, boliti nyingine zikaagizwa Mtwara, na safari hii aliyeshika spana ni mimi. Nakosea, ananicheka, ananifundisha. Lakini gari lilipopona, mume wangu akabadilika. Anakula matonge matatu ananawa. Juzi nilimkuta amekaa na kiatu cha yule mtoto, kilisahaulika chini ya kiti cha gari. Nikamwambia, "Si umrejee, eda haijaisha." Akasema, "Mwizi simrudishi ndani. Aibu niliyoipata kwa kopo lile sitamsamehe aliyelichukua mpaka nakufa." Nikaendelea kumpakulia wali.

Kopo liko kwangu, kwenye pipa la mchele. Nikilitoa, huenda nikaachwa mimi, na watoto wangu wanne.

Jana mwenzangu amenitumia sauti kwenye simu. Wala hakulia. Alisema, "Dada, nimeshaona siku zangu mara mbili, imebaki moja. Ikipita hiyo, mpaka ndoa mpya, na kaka zangu wameshasema hawataikubali. Naomba umwambie Baba Saidi sikuchukua. Siku ile ulikuwepo, uliniona nilivyoyapanga yale makopo. Sina shahidi mwingine ila wewe."

Nimeisikiliza mara saba. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nitukaneni mkimaliza mniambie: nimjibu nini?